Unauza makande mtandaoni? Usiloweke kabla hujahesabu oda

Watu wa Same wana biashara jikoni ambayo wengi wanaidharau kwa sababu wamekua wakiila. Makande. Mahindi yaliyokobolewa, maharage, kitunguu, basi. Mpare akihamia Dar au Arusha hicho ndicho chakula anachokikumbuka. Ukiweka picha status saa 5 asubuhi, utaona wanavyoanza kuuliza "mpaka wapi mnaleta?"

Sasa shida si wateja. Shida ni kwamba makande yanaonekana chakula rahisi, na muuzaji anapanga bei kwa kuangalia bei ya mahindi tu. Mahindi siyo gharama yake kubwa. Gharama ni moto na muda.

Tufanye hesabu ya mfano, wewe weka bei za sokoni kwako. Tuseme umepika kilo 2 za mahindi yaliyokobolewa kwa 3,000 na kilo 1 ya maharage kwa 3,000. Mafuta, kitunguu, nyanya, karoti na maziwa 4,500. Mkaa 3,000. Umepata sahani 18, na vyombo vya kufungashia kila kimoja 300, hiyo ni 5,400. Jumla 18,900. Unauza 1,500 kwa sahani, zikiisha zote unapata 27,000, yaani umebaki na 8,100. Hapo bado hujajilipa kwa kusimama jikoni tangu alfajiri.

Lakini hebu sahani tatu zikose mtu, na mbili umpe shoga yako na fundi aliyepita. Umeuza 13, ni 19,500. Faida ya siku nzima: shilingi 600. Utani wa Mpare na ubahili tunaujua sote, ila kwenye sahani za bure ubahili huo ungetusaidia sana.

Ndiyo maana nasema saa ya kufunga oda ni saa ya kuloweka. Ukishaloweka, umeshaingia gharama, hakuna kurudi nyuma. Tangaza mchana, andika wazi kabisa: "Oda mwisho saa 2 usiku, malipo kwanza kwa lipa namba." Saa 3 unahesabu waliolipa, unaongeza sahani mbili tatu za wanaochelewa, unaloweka kiasi hicho. Aliyesema "niwekee, nitalipa kesho" hajaagiza. Kesho atakuambia amekula ugenini.

Kuloweka kwenyewe kunaokoa mkaa. Punje iliyolala kwenye maji inaiva mapema kuliko kavu. Asubuhi mwaga yale maji, weka mapya. Mahindi yanachelewa kuiva kuliko maharage, kwa hiyo yatangulie, la sivyo utapata maharage yaliyovurugika na mahindi magumu, na mteja atakukumbusha makande ya shule. Ukiwa na sufuria ya presha, ndiyo mahali pake hapa. Na kama uko juu kule Chome au Mamba, usishangae kwamba sufuria yako inachukua muda mrefu kuliko ya dada yako aliyeko Same mjini. Kadiri unavyopanda mlima, maji huchemka yakiwa na joto dogo zaidi. Kwenye mita 2,000 yanachemka kwenye nyuzi kama 93 badala ya 100. Panga bei yako kwa moto wa kwako, usinakili ya mtu wa tambarare.

Maharage mekundu yasiishie kuwekwa kwenye hotpoti yajiivie. Yana sumu ya asili inayoharibu tumbo vibaya, na inaondoka kwa kuchemka kwa nguvu dakika 10 au zaidi. Chemsha kwanza, kubana mkaa baadaye.

Kwenye kununua mahindi, hapa tafadhali usitafute bei ya kutupa. Mahindi yaliyopata unyevu ghalani huota ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara baada ya kula nafaka yenye sumu hiyo, na kuchemsha hakuiondoi. Punje yenye rangi ya kijani au nyeusi, iliyosinyaa au inayonuka uvundo, toa. Gunia likiwa na nyingi za hivyo, liache hapo hapo kwa muuzaji.

Nazi na maziwa vinafanya makande yachache haraka. Tia kwenye sehemu inayotoka muda huo tu, na chakula kisikae zaidi ya saa mbili kikiwa vuguvugu. Bodaboda mmoja anayezungusha sahani 18 mji mzima kwenye jua la Same atakuletea malalamiko. Gawa kwa mitaa, chakula kitoke cha moto. Gharama ya boda iandike pembeni, usiimeze kwenye ile 1,500.

Picha nayo ni mtihani, maana makande ni ya kahawia na sahani yake haina mbwembwe. Piga karibu na dirisha mvuke ukiwa unatoka, weka kipande cha parachichi pembeni. Parachichi linauza makande kuliko maneno yote utakayoandika. Wengi walikula ya bwenini yenye wadudu na wakaapa hawarudii, kwa hiyo waonyeshe na mahindi meupe uliyoyachambua. Video ya sekunde 10 ya kuchambua inatosha.

Lakini kwa maoni yangu pesa iliyotulia iko kwenye makande makavu. Same iko kwenye barabara kuu ya Dar na Arusha, mabasi yanapita kutwa. Mpare wa Kimara hawezi kupata sahani yako ya moto, ila anaweza kupata mfuko wa mahindi yaliyokobolewa vizuri, maharage mapya ya mlimani, na tangawizi ya Mamba Miamba kwa ajili ya chai yake. Hakichachi, hakina haraka, na mkaa anachoma yeye. Wenzetu Kenya wanafanya hivyo na muthokoi ya Wakamba, inauzwa kwenye pakiti hadi supamaketi.

Fungasha mahindi na maharage mifuko tofauti, kwa sababu haviivi pamoja. Maharage yawe ya msimu huu, ya zamani hayalainiki hata ukeshe. Ukianza kuweka nembo na kupeleka madukani, usalama wa chakula uko chini ya TBS tangu 2019, si TFDA tena, na SIDO husaidia wadogo kuanza taratibu. Kwa anayepika cha kuuza, ongea na bwana afya wa kata kuhusu kupima afya.

Ndani ya mfuko weka karatasi: loweka usiku, tanguliza mahindi, chumvi mwishoni. Nje andika jina na simu ya mteja kwa kalamu isiyofutika, piga picha mzigo na risiti ya basi, mtumie kabla gari halijaondoka. Na mwambie saa ya kufika stendi ya Magufuli, aende mwenyewe au atume boda wa kwake.