Lubumbashi: Shule ni bure, lakini mwalimu analipwa na nani?

Kila mwezi wa tisa, wazazi wa kartiye za pembeni za Lubumbashi wanafika kwenye mlango wa shule na swali moja: « Ni bure kweli? » Kwa familia za Naviundu, ambazo nyingi zinaishi kwa shamba, biashara ndogo ao kibarua cha siku, jibu la swali hilo ndilo linaamua ni mtoto gani atasoma na ni nani atabaki nyumbani. Lakini kuna swali la pili ambalo wazazi hawaliulizi sana, na ndilo lenye uzito zaidi: yule mwalimu anayesimama mbele ya watoto, mshahara wake unatoka wapi?

Naviundu ni moja ya kartiye za komini ya Annexe, ile inayozunguka mji mzima. Komini zingine sita, yaani Lubumbashi, Kampemba, Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi, ziko ndani yake kama yai ndani ya ganda. Mji unakua kwa kuelekea huku. Mtu akishindwa na kodi ya nyumba huko Kenya ao Katuba, anatafuta kiwanja pembeni, anafyatua matofali na kuanza kujenga polepole. Nyumba zinatangulia. Maji, umeme na shule vinakuja nyuma, na mara nyingi vinachelewa.

Pengo hilo ndilo mashirika yasiyo ya serikali yanajaribu kuziba. Linalojulikana zaidi katika komini hiyo liko Kalebuka. Linaitwa Malaika.

Kazi yenye mikono mingi

Malaika ilianzishwa mwaka 2007 na Noëlla Coursaris Musunka, mzaliwa wa Lubumbashi. Baba yake alifariki akiwa na miaka mitano. Mama yake hakuwa na uwezo wa kumlea, akamtuma kwa ndugu Ulaya. Huko alisoma, kisha akajulikana kama mwanamitindo. Alirudi Kongo kumuona mama yake akiwa tayari msichana mkubwa, na mara nyingi amesema kwamba safari hiyo ndiyo iliyompa wazo la kujenga shule.

Shule ya Kalebuka ilifungua milango mwaka 2011. Ni ya wasichana, na wazazi hawalipi kitu. Leo ina wanafunzi zaidi ya 400, kuanzia shule ya watoto wadogo hadi sekondari. Wanafuata programu ya taifa, na juu yake wanaongezewa Kiingereza, kompyuta na sanaa. Mwaka 2013, kwa msaada wa FIFA, kilifunguliwa kituo cha jamii ambako vijana na wazazi wanajifunza kusoma na kuandika, kushona, na kucheza mpira. Shirika limechimba ao kutengeneza visima zaidi ya 20 katika eneo hilo.

Mbele ya macho ya wageni na wafadhili, hadithi ya Malaika mara nyingi inaonekana kama hadithi ya mtu mmoja. Lakini mwanzilishi hawezi kuwa darasani kila asubuhi. Shule ya namna hii inasimama juu ya Wakongomani ambao majina yao hayatoki kwenye magazeti: walimu, direkta, wapishi, muuguzi, walinzi, fundi wa mashine za umeme wa jua, watu wa shamba na wale wanaofanya hesabu ya pesa.

Chukua mfano wa jikoni. Mtoto akijua atakula shuleni, mzazi ana sababu moja zaidi ya kumtuma kila siku, hata wakati wa mvua. Chukua kisima. Msichana ambaye hapo zamani alitembea mbali kuchota maji asubuhi sasa anaweza kufika darasani kabla ya kengele. Wala mpishi wala mchimba kisima si mwalimu, lakini bila wao mwalimu angefundisha viti vitupu.

Halafu kuna mwalimu mwenyewe. Malaika inasema walimu wake wanapata mafunzo mara kwa mara, si mara moja tu wakati wa kuanza kazi. Kwa mwalimu wa Kongo hilo si jambo dogo. Wengi walipata diplome ya pedagojia ya sekondari, wakaingia darasani, na tangu siku hiyo hakuna aliyerudi kuwaonyesha njia mpya ya kufundisha kusoma ao kuhesabu.

Jinsi mzigo ulivyohamia kwa mzazi

Ili kuelewa kwa nini swali la mshahara lina uzito, lazima kurudi nyuma kidogo. Kwa miaka mingi Katanga ilikuwa na mfano wake wa shule ya bure. Union Minière, na baadaye Gécamines, zilijenga shule na hospitali kwa ajili ya familia za wafanyakazi. Kampuni ilikuwa mzazi: ilitoa kazi, nyumba, dawa na masomo ya watoto. Mwalimu wa shule ya kampuni alijua mwisho wa mwezi atapata pesa yake.

Kampuni ilipoanguka katika miaka ya 1990, shule zake zilianguka pamoja nayo. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango wa « départ volontaire » uliolipiwa na Banki ya Dunia. Familia nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi bado zinahesabu maisha yao kwa mwaka huo: kabla yake na baada yake.

Wakati huohuo serikali nayo ilikuwa imeacha kulipa walimu sawasawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya migomo iliyofunga madarasa, wazazi walikubali kutoa pesa ili walimu warudi kazini. Ilisemwa ni jambo la muda. Likadumu karibu miaka 30, likapata na jina lake: « prime ». Mtoto ambaye mzazi wake hakulipa prime alirudishwa nyumbani, mara nyingine katikati ya mtihani.

Sheria ilisema vingine. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Maneno hayo yalibaki kwenye karatasi hadi mwezi wa tisa 2019, wakati serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilipoanzisha « gratuité ». Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, Banki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 kwa ajili ya masomo ili kusaidia mpango huo.

Watoto waliingia madarasani kwa wingi. Lakini gratuité ilionyesha wazi kile prime ilikuwa inaficha: kuna walimu wengi ambao serikali haikuwa inawalipa hata franka moja. Wanaitwa « N.U. », nouvelles unités. Wanafundisha kila siku, wakingoja majina yao yaingie kwenye orodha ya mishahara. Zamani waliishi kwa prime ya wazazi. Prime ilipokatazwa katika shule za msingi, N.U. asiye kwenye orodha alibaki mikono mitupu. Si ajabu migomo imerudi mara kwa mara mwanzoni mwa mwaka wa shule.

Na gratuité inaishia kwenye shule ya msingi. Mtoto wa Naviundu akimaliza, sekondari inamngoja na mafranka yake. Kwa msichana, hapo ndipo hesabu ya nyumbani inakuwa kali zaidi, kwa sababu familia yenye pesa ya mtoto mmoja mara nyingi inachagua mvulana. Ndiyo maana shule inayombeba msichana bure hadi mtihani wa serikali, kama ile ya Kalebuka, inatazamwa kwa hamu na kartiye zote za jirani.

Si Kongo peke yake

Tatizo hili ni la dunia. Nchi za Umoja wa Mataifa zilijiwekea lengo: kufikia mwaka 2030, kila msichana na mvulana amalize msingi na sekondari bila kulipa. UNESCO imehesabu kwamba ili kufika huko, dunia inahitaji walimu wapya milioni 44, na milioni 15 kati yao ni wa Afrika kusini mwa Sahara. Maana yake ni kwamba majengo na madawati hayatoshi. Jengo linafunguliwa mara moja na picha zinapigwa. Mshahara unarudi kila mwezi, na hakuna mfadhili anayekata utepe siku ya mshahara.

Hapo ndipo mashirika kama Malaika yana nguvu, na hapohapo ndipo yana udhaifu. Nguvu ni kwamba pesa inayotoka kwa wafadhili inafika hadi kwa mtu anayefanya kazi. Udhaifu ni kwamba mfadhili anaweza kuchoka, ao pesa yake ikaenda kwenye vita na maafa ya nchi nyingine. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katanga imekwisha kuona baba mmoja, Gécamines, akianguka na watoto wake wote wakabaki njiani. Haitakuwa busara kubadilisha baba wa kwanza kwa mwingine anayeishi mbali zaidi.

Kuna pia hesabu ya ukubwa. Shule ya wasichana 400 ni jambo kubwa kwa wasichana hao, lakini komini ya Annexe ina watoto wengi kuliko shirika lolote linavyoweza kupokea. Shule nyingi za msingi za umma nchini zinasimamiwa na makanisa, kwa makubaliano ya mwaka 1977, huku mishahara ikitakiwa kutoka serikalini. Huko ndiko watoto wengi wa Naviundu watasoma, wapende wasipende. Shirika linaweza kuonyesha namna shule nzuri inavyofanya kazi. Haliwezi kuchukua nafasi ya serikali.

Maswali ya kuuliza

Kwa mzazi anayeandikisha mtoto, ao kiongozi wa kartiye anayepokea shirika jipya lenye ahadi, kuna maswali machache ambayo hayagharimu kitu. Walimu wanalipwa na nani, na kwa muda gani pesa hiyo imehakikishwa? Je, wako kwenye orodha ya serikali? Shule ikikosa mfadhili mmoja, kuna mwingine, ao shamba na karakana vinaweza kuchangia kidogo? Nani wa hapa anajua hesabu ya pesa, na nani ataendesha kazi siku mwanzilishi hayupo?

Shirika la kweli halichukizwi na maswali hayo. Linayajibu kwa karatasi. Na maswali hayohayo yanafaa pia kuulizwa serikalini, kwa sababu N.U. anayefundisha darasa la pili bila mshahara ni mfadhili vilevile. Tofauti ni kwamba yeye anatoa pesa ambayo watoto wake mwenyewe walipaswa kula.