Roboti Iingie Ziwani

Tangu mwaka 2012, maonyesho ya Young Scientists Tanzania yamewapa vijana wa shule za sekondari mahali pa kuwaonyesha wananchi kazi ya akili na mikono yao. Katika mashindano ya namna hii roboti inayoongozwa kwa mbali haikosi watazamaji. Nasi twawaambia wanafunzi wa Bukoba na Muleba, pamoja na walimu wao: undeni roboti, lakini isiwe ya kuzunguka juu ya meza ili wageni wa heshima wapige makofi. Undeni ya kuingia ziwani.

Haja yake haitafutwi mbali. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka kwetu, ilipinduka karibu na Mwanza. Ndani walikuwamo watu wangali hai, wakigonga chuma. Likatobolewa tundu ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiizuia meli isizame ikatoka, nayo ikazama. Mamia ya ndugu zetu wakapotea. Tena tarehe 6 Novemba 2022 ndege yenye watu 43 ilianguka ziwani, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 wakaokoka, 19 wakafa. Ushujaa wa wavuvi wale twausifu hata leo. Walichokosa ni chombo cha kuwaonyesha yaliyomo chini ya maji.

Roboti ya nchi kavu huongozwa kwa mawimbi ya redio. Majini mawimbi hayo hufifia upesi, hata mtambo ukizama kidogo tu hausikii tena amri. Kwa hiyo roboti ya majini hufungwa waya mrefu, upelekao amri chini na kuleta picha za kamera juu. Huko Marekani, katika mashindano yaitwayo SeaPerch, wanafunzi huziunda kwa mabomba ya plastiki ya maji. Mota ni tatu: mbili za kwenda mbele na kugeuka, moja ya kupanda na kushuka. Kila mota hutiwa ndani ya kikopo na kuzibwa kwa nta ili maji yasipenye. Betri hubaki juu. Linalotaka subira ni kuelea: mtambo ukiwa mzito huenda chini kama jiwe, ukiwa mwepesi hukataa kuzama, na kijana hana budi kuongeza na kupunguza maboya mpaka utulie katikati.

Wapo watakaosema mitambo ni kazi ya Wazungu. Hao waende Katuruka, Bukoba Vijijini, waone mahali wazee wetu walipoyeyusha chuma zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Wanafunzi wasiachwe peke yao. Fundi redio ampokee kijana na kumfundisha kuunga nyaya kwa risasi. Mvuvi wa Kemondo au wa Bumbire awaazime mtumbwi siku ya Jumamosi. Viongozi wa matawi ya Chama, ambao hawakosi fedha za mapokezi, watoe bei ya betri. Na majaribio ya kwanza yafanywe asubuhi, ziwa likiwa shwari, mwalimu akiwapo, na kila mtoto amevaa jaketi la kuokolea maisha.