Kijiji Kilichokauka Kisima

Ukitoka mji wa Socorro katika jimbo la New Mexico, Marekani, ukashika barabara ya magharibi kwa kilometa kama 43, utapanda hadi mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo utakuta kijiji cha Magdalena. Usitazamie jangwa la mchanga na ngamia. Hili ni jangwa la nyanda za juu: nyasi fupi, vichaka, usiku baridi inauma, na mvua ni ya kubahatisha.

Jina hilo unalijua kutoka kanisani. Inasimuliwa kwamba Wahispania waliona ubavuni mwa mlima mfano wa uso wa mwanamke, wakamkumbuka Mariamu Magdalene. Soma Yohana 20:10-11. Wale wanafunzi wawili waliokimbia kwenda kaburini walirudi nyumbani kwao; Mariamu akabaki nje, analia. Jina limekikaa kijiji hiki vizuri kuliko walivyojua waliolitoa, maana historia yake ni ya watu kuondoka na wachache kubaki.

Reli ilifika miaka ya 1880. Wafugaji wakaanza kuswaga mifugo kutoka mbali, hata kutoka Springerville, Arizona, safari ya kilometa 200 hivi, ili waipakie kwenye mabehewa ya Magdalena. Ng'ombe walikwenda kilometa 16 kwa siku, kondoo nane tu. Mwaka 1919 pekee walipita kondoo wapatao 150,000 na ng'ombe zaidi ya 21,000. Hebu fikiria vumbi lake! Baadaye vijana wa mpango wa ajira wa serikali wakachimba visima njiani, kila mwendo wa siku moja wa ng'ombe. Kisha malori yakaja, na mwaka 1971 njia ikatumika kwa mara ya mwisho. Treni nayo ikakoma. Jengo la stesheni leo ni ofisi ya kijiji na maktaba. Kama umekulia kwenye mji wa mkonge au kwenye stesheni iliyosahaulika, hadithi hii huhitaji kusimuliwa mara mbili.

Mlimani juu ya kijiji palikuwa na Kelly, mji wa wachimbaji wa risasi na fedha. Leo ni magofu, ingawa kanisa dogo bado limesimama. Wachimbaji wa kwanza walikuwa wakikutana na mawe ya rangi ya kijani-buluu, wakayatupa pembeni kama kifusi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikagundulika kuwa yale mawe yana zinki, na kifusi kikawa mali. Wahubiri watakimbilia Zaburi ya 118 na jiwe walilolikataa waashi, na si vibaya. Mimi naona Ayubu 28 inafaa zaidi. Sura ile inamsifu mchimbaji anayening'inia shimoni na kupasua milima hadi mizizi yake, kisha inauliza hekima yenyewe inapatikana wapi.

Sasa njoo Juni 2013. Baada ya ukame mrefu, kisima kilichokilisha kijiji kizima kilikauka. Mabomba yakatoa hewa. Kijiji kilichowahi kupokea maelfu kwa maelfu ya mifugo yenye kiu kikawa kinagawiwa maji ya chupa. Maji yalikuja kurudi, lakini kwa siku zile mama mwenye mtoto mchanga hakuwa na la kufanya na historia ya reli wala madini.

Katika Mwanzo 26 Isaka anakaa nchi kavu namna hiyo. Visima alivyochimba baba yake vimefukiwa. Anavifukua na kuvirudishia majina yaleyale ya zamani. Anachimba vingine, wachungaji wa Gerari wanamgombania. Anawaachia, anasogea, anachimba tena. Sura nzima hatuoni muujiza wa maji kutoka mwambani. Tunaona majembe, ugomvi na uvumilivu, na habari ya maji inaletwa siku ileile alipopatana na waliomfukuza.

Usharika wako pengine una kisima kilichochimbwa na wazee. Nani leo ana ufunguo wa pampu? Mara ya mwisho kilifanyiwa matengenezo lini, na majirani wasiosali nanyi wanaruhusiwa kuchota?