Waifai ya jirani iliyoachwa wazi: Je, ni halali kuitumia?

Lori limeegeshwa Namanga, foleni haisogei na bando la simu limekwisha. Dereva anafungua simu yake na kukuta waifai ya ofisi ya jirani haina neno la siri. Anajiunga, anamtumia bosi wake picha za nyaraka za mzigo, kisha anaangalia mpira mpaka usiku. Je, dereva huyu amevunja sheria?

Wengi watajibu haraka kwamba hapana, kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Jibu hilo ni la hatari, hasa kwa mtu anayevuka mipaka. Kila nchi ina sheria yake, na mawimbi ya waifai hayasimami kwenye kizuizi kusubiri kugongewa muhuri.

Sheria inauliza nini?

Kwa kawaida jambo kubwa mbele ya sheria ni idhini: je, mwenye mtandao alikuruhusu? Kukosekana kwa neno la siri peke yake si ruhusa, kama vile duka lisilo na mlinzi si duka la bure. Hata hivyo, maneno ya sheria yanatofautiana kati ya nchi na nchi.

Tanzania: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila uhalali. Neno "kuingia" limefafanuliwa kwa upana, na linajumuisha kutumia rasilimali yoyote ya mfumo au ya mtandao. Kwa hiyo hata mtu ambaye hakugusa faili la mwenzake, bali alitumia intaneti tu, anaweza kuangukia humo. Adhabu iliyowekwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida aliyoipata, kutegemea ipi ni kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Msomaji aliangalie vizuri neno "isiyopungua".

Kenya: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 imeandikwa kwa namna nyingine. Inamlenga mtu anayekiuka hatua za ulinzi ili aingie kwenye mfumo, huku akijua kwamba hana ruhusa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi za Kenya milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hapa wakili anaweza kujenga hoja kwamba waifai isiyo na neno la siri haina ulinzi uliokiukwa. Lakini hiyo ni hoja ya kujitetea ukiwa tayari mahakamani. Aliyekisia neno la siri mpaka akalipata hana hata hoja hiyo.

Uganda: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 iliweka kosa la kuingia kwenye kompyuta bila mamlaka kwa lengo la kupata huduma ya kompyuta. Maneno hayo ndiyo yaliyo karibu zaidi na suala letu, kwa kuwa yanataja huduma yenyewe. Kifungo chake kiliwekwa kufikia miaka 10.

Wapo walioadhibiwa

Mwaka 2007, katika mji mdogo wa Sparta, jimbo la Michigan nchini Marekani, mtu mmoja alitozwa faini ya dola 400 na kupewa saa 40 za kazi za jamii. Kosa lake lilikuwa kukaa ndani ya gari nje ya mgahawa na kutumia waifai iliyowekwa kwa ajili ya wateja. Mwaka huo huo, nchini Singapore, kijana wa miaka 17 aliwekwa chini ya uangalizi kwa miezi 18 kwa kutumia waifai ya jirani yake.

Kisa cha Sparta kinawahusu sana madereva wetu. Waifai ya hoteli au kituo cha mafuta huwekwa kwa ajili ya wateja. Aliyeegesha nje bila kununua chochote asijihesabu kuwa amealikwa.

Hatari kwa pande zote mbili

Mwenye waifai naye hayuko salama. Mtu akitumia mtandao wake kutuma ujumbe wa utapeli, anwani ya intaneti itakayoonekana ni ya mwenye akaunti, na wapelelezi wataanza kugonga mlangoni kwake. Wakala wa forodha aliyeacha waifai wazi anaweza kupoteza siku nyingi akieleza jambo asilolijua.

Kwa anayejiunga, mtandao wa wazi unaweza kuwa mtego. Mtu yeyote anaweza kuupa mtandao wake jina linalofanana na la ofisi au hoteli, kisha akakuelekeza kwenye ukurasa bandia wa kuvuna namba zako za siri.

Ufanye nini?

Anayetaka kutumia: muulize mwenye mtandao au meneja, na ikiwezekana akujibu kwa ujumbe mfupi ili ubaki na ushahidi. Zima mpangilio wa simu unaojiunga na waifai wenyewe. Kazi za forodha, benki na pesa za simu zifanye kwa bando lako.

Mwenye waifai: weka neno la siri na ulinzi wa WPA2 au WPA3. Wageni watengee mtandao wao, usiofika kwenye kompyuta za ofisi. Badilisha neno la siri kila mfanyakazi anapoondoka.

Dereva wetu wa Namanga angeweza kumaliza jambo lote kwa kugonga mlango na kuomba. Pengine angeruhusiwa bure. Akinyimwa, bei ya bando bado ni ndogo sana kuliko shilingi milioni 3.