Tasa zinazozaa

Mwuzaji katika soko la Masimba, Kaunti ya Kisii, ana avokado 32 juu ya gunia. Azipange mafungu ya mbilimbili, nnenne, nanenane au kumi na sita, haibaki hata moja. Anatokea mteja: "Mama, niongezee basi." Moja inaondoka kama nyongeza, na 31 zilizosalia zinakataa kupangika. Tatutatu, inabaki moja. Nnenne, zinabaki tatu. Tanotano, inabaki moja tena.

Namba 31 ni tasa: haigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. Huko Ishango, kando ya Ziwa Edward mashariki mwa Kongo, Jean de Heinzelin alifukua mwaka 1950 mfupa wa kale wenye mikato. Safu yake moja inahesabika 11, 13, 17 na 19, tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wataalamu bado wanabishana kama aliyeichonga alikusudia.

Tarehe 12 Oktoba 2024, Mmarekani Luke Durant alipata namba tasa iliyozipita zote zilizokuwa zikijulikana, naye alipita njia ile ile ya nyongeza. Andika 2 mara 136,279,841, zizidishe zote, kisha toa moja. Jibu lina tarakimu 41,024,320, linaanza na 88 na kuishia na 51. Ukilisoma tarakimu moja kwa sekunde, bila kulala, utamaliza baada ya siku 475 hivi.

Namba za aina hii hubeba jina la Marin Mersenne, mtawa Mfaransa wa karne ya 17. Lakini kutoa moja hakutoshi. Idadi ya zile 2 zinazozidishwa lazima iwe tasa, na hata hivyo huenda mambo yakaharibika: 2 kumi na moja zikizidishwa hutoa 2,048, ukitoa moja unapata 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Ndiyo maana kuna mtihani. Chukua 7 (2 mara 2 mara 2, toa moja). Anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2: unapata 14. Kwa kuwa 14 hugawanyika kwa 7, basi 7 imefaulu. Namba ya Durant ilihitaji hatua hiyo irudiwe zaidi ya mara milioni 136.

Namba hiyo haifai kufungia siri, kwa kuwa dunia nzima inaijua. Baadhi ya kufuli za intaneti hutumia namba tasa mbili zilizofichwa, kila moja yenye mamia ya tarakimu, zikazidishwa pamoja. Hapo ndipo jina "tasa" linapozionea namba hizi. Kila namba nzima inayozidi 1, kama si tasa yenyewe, imezaliwa na tasa: 12 ni 2 mara 2 mara 3. Kufuli hutegemea uzazi huo. Mtoto anatembea hadharani, kila mtu anamwona. Wazazi wake wawili ndio hawapatikani.