Theluthi Mbili Hazikutosha: Australia Magharibi na Haki ya Jimbo Kujitenga

Mjadala wa kujitenga, yaani hatua ya sehemu moja ya nchi kujiondoa katika muungano na kujitangaza kuwa dola kamili, huchanganya mambo mawili ambayo yafaa yatenganishwe mapema: kama jimbo husika linaonewa kweli, na kama kutoka kwake kutauondoa uonevu huo. Jibu la ndiyo kwa swali la kwanza halilazimishi jibu la ndiyo kwa la pili, na ni matukio machache yanayoonyesha jambo hilo waziwazi kama lile la Australia Magharibi, ambako tarehe 8 Aprili 1933 wapiga kura 138,653 waliunga mkono jimbo lao lijitoe katika Shirikisho la Australia na 70,706 wakapinga, bila risasi kufyatuliwa wala kiongozi kufungwa, na hata hivyo jimbo hilo halikutoka hata kwa siku moja.

Ukubwa wa jimbo lenyewe hueleza sehemu ya chanzo. Australia Magharibi ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni mbili na nusu, takriban theluthi moja ya bara zima, kiasi kwamba Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zikiunganishwa zingeenea ndani yake na nafasi ikabaki. Lakini mwaka 1933 idadi ya wakazi wake haikufika nusu milioni, na kati ya mji mkuu wake, Perth, na miji mikubwa ya mashariki, Sydney na Melbourne, palikuwa na maelfu ya kilomita ambayo sehemu kubwa yake ni jangwa. Makoloni sita ya Uingereza yalipojiandaa kuungana mwanzoni mwa mwaka 1901, koloni hilo lilisitasita mpaka Julai 1900, likaingia dakika za mwisho, na jina lake halimo hata katika utangulizi wa sheria iliyounda shirikisho, ule unaotamka kwamba wananchi wa makoloni yaliyotajwa wamekubaliana kuungana katika shirikisho moja lisilovunjika. Waliolisukuma liingie walikuwa hasa wachimbaji wa dhahabu wa Coolgardie na Kalgoorlie, wengi wao wageni kutoka mashariki, ambao walitishia kwamba koloni likikataa kujiunga, wao wangejimega na kuunda koloni lao la Auralia ili waingie peke yao. Kwa maneno mengine, tishio la kwanza la kujitenga katika historia hii lilikuwa la kujitenga ili kuungana.

Kiini cha malalamiko kilikuwa ushuru wa forodha, yaani kodi inayotozwa bidhaa zinazoingia kutoka nje. Shirikisho lilipoundwa, mamlaka ya kutoza ushuru huo yalihamia serikali kuu peke yake, na biashara kati ya majimbo ikaachwa huru kwa mujibu wa ibara ya 92 ya katiba. Australia Magharibi ilipewa nafuu ya miaka mitano tu ya kuendelea kutoza bidhaa za majimbo mengine, kwa kiwango kilichopungua mwaka hadi mwaka. Serikali kuu, ambayo wapiga kura wake wengi waliishi Victoria na New South Wales, ilipandisha ushuru ili kuvilinda viwanda vya huko. Kwa mkulima wa Australia Magharibi matokeo yalikuwa mabaya kotekote, kwa sababu ngano na sufu yake viliuzwa kwa bei ya soko la dunia, ambayo hakuna serikali ya Australia iliyoweza kuipandisha, ilhali majembe, mashine za kuvunia, nguo na hata sukari alivinunua kwa bei iliyopandishwa makusudi ili kiwanda cha Melbourne au shamba la miwa la Queensland lisishindwe na wageni. Mzigo wa aina hii hauonekani katika bajeti yoyote, maana hakuna karani anayeuandika, na pengine ndiyo sababu wanasiasa wa mashariki waliweza kuukana kwa muda mrefu bila aibu.

Mdororo mkuu wa uchumi uliligeuza lalamiko hilo kuwa vuguvugu. Mwaka 1930 serikali kuu iliwahimiza wakulima walime ngano zaidi na kuwaahidi bei ya uhakika, kisha ahadi ikashindikana, na bei ya dunia ikaporomoka wakati mavuno yakiwa ghalani. Mwaka huohuo likaanzishwa shirika la kudai kwamba jimbo liwe dominioni, yaani nchi inayojitawala yenyewe huku ikimtambua mfalme wa Uingereza, kama zilivyokuwa Kanada na New Zealand, likiongozwa na Keith Watson. Jambo ambalo simulizi nyingi huliacha ni kwamba waliokusanyika chini ya bendera hiyo hawakutaka kitu kimoja: wakulima walitaka ushuru ushuke ili wanunue mashine kwa bei nafuu, ilhali wenye viwanda vidogo vya Perth walitaka ushuru mpya wa kuzuia bidhaa za Sydney na Melbourne zisiwafilisi. Jimbo lingekuwa huru, kundi moja kati ya haya mawili lingegundua mara moja kwamba limesaliti maslahi yake.

Siku ya kura yenyewe ilizaa matokeo ambayo bado huwafikirisha wanasayansi ya siasa. Wananchi waliulizwa maswali mawili, la kujitenga na lingine la kuitisha mkutano wa kurekebisha katiba ya shirikisho. Walilikubali la kwanza na kulikataa la pili, kana kwamba njia ya kati haikuwavutia kabisa. Lakini siku hiyohiyo ulifanyika pia uchaguzi wa bunge la jimbo, na wapiga kura walewale waliotaka kujitenga wakamwangusha Waziri Kiongozi James Mitchell, aliyeunga mkono kujitenga, hata kiti chake mwenyewe cha Northam kikapotea, wakakiweka madarakani chama cha Leba cha Philip Collier, ambacho hakikuwa na hamu na jambo hilo. Tafsiri iliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba wengi hawakuwa wakijenga dola mpya bali walikuwa wakituma malalamiko kwa njia kali kuliko zote zilizokuwapo, huku serikali ya kuwaondolea njaa na ukosefu wa ajira wakiichagua kwa vigezo vingine. Maeneo ya dhahabu, yaliyoulazimisha muungano mwaka 1900, yalisimama tena upande wa kubaki. Wenyeji wa asili, wakiwemo Wanoongar ambao Perth imejengwa juu ya ardhi yao, kwa kiasi kikubwa hawakuwa na haki ya kupiga kura, hivyo neno “wananchi” lililojaa katika hati za wakati ule lilikuwa na mipaka ambayo waandishi wake hawakuona haja ya kuieleza.

Collier aliyaheshimu matokeo, na mwaka 1934 ujumbe ulipelekwa London ukiwa na ombi kwa bunge la Uingereza pamoja na kitabu cha hoja chenye karibu kurasa 500. Mantiki ya ombi ilikuwa nyepesi: shirikisho liliundwa kwa sheria iliyotungwa na bunge la Uingereza mwaka 1900, kwa hiyo bunge hilohilo lingeweza kuirekebisha. Kamati ya pamoja ya mabunge yake mawili iliteuliwa, si kwa ajili ya kupima kama ombi lina haki, bali kuamua kwanza kama lingeweza kupokelewa, na mwaka 1935 ikajibu kwamba haliwezi. Uwezo wa kisheria ulikuwapo, kwani hata Sheria ya Westminster ya mwaka 1931, iliyoweka msingi kwamba London haitatunga sheria kwa ajili ya dominioni bila dominioni yenyewe kuomba, ilikuwa haijaridhiwa na Australia, jambo lililofanyika mwaka 1942. Kilichoizuia kamati kilikuwa desturi ya kikatiba, yaani kanuni isiyoandikwa ambayo wenye mamlaka huifuata kama wajibu, na desturi hiyo ilitaka ombi la namna hiyo litoke kwa serikali ya shirikisho. Jimbo liliambiwa, kwa lugha ya adabu, lirudi likaombe kwa yule liliyekuwa likimkimbia.

Jibu hilo laweza kuonekana la ukatili, lakini linalingana na mwelekeo wa sheria mahali pengi. Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua mwaka 1869, katika shauri lililohusu Texas, kwamba muungano hauwezi kuvunjwa na jimbo moja isipokuwa kwa mapinduzi au kwa ridhaa ya majimbo mengine. Ile ya Kanada, ilipoulizwa kuhusu Quebec mwaka 1998, ilitafuta msimamo wenye busara zaidi: jimbo halina haki ya kutoka peke yake, lakini wingi ulio wazi wa kura katika swali lililo wazi huwalazimu wabia wengine kuketi kujadiliana. Singapore iliachana na Malaysia Agosti 1965 kwa sababu Kuala Lumpur yenyewe ilitaka iondoke. Kinachoonekana katika mifano hii yote ni kwamba kura hutoa uhalali wa kisiasa, ila talaka hutolewa na pande mbili, na kama Australia Magharibi ingekutana na kanuni ya Kanada mwaka 1933, Waziri Mkuu Joseph Lyons angelazimika kujadiliana badala ya kupiga kampeni na kungoja London imalize kazi.

Hata hivyo serikali kuu haikukaa bure. Mwaka huohuo wa 1933 iliunda Tume ya Ruzuku ya Shirikisho, ambayo kazi yake ilikuwa kuchunguza hesabu za majimbo dhaifu na kupendekeza fedha za kuyawezesha kutoa huduma zisizopungua sana zile za majimbo mengine. Tume haikukubali kwamba jimbo linastahili fidia kwa kila hasara iliyotokana na sera za shirikisho, ilichukua mahitaji kuwa kipimo, na bado ilifanya ambacho hotuba zilishindwa kufanya, yaani kuuweka uonevu katika tarakimu ambazo pande zote zingeweza kuzibishia. Katiba ya Tanzania ina wazo la jamii hiyo katika ibara ya 134, inayoiweka Tume ya Pamoja ya Fedha kati ya serikali mbili za Muungano, na ugumu wa mijadala ya mapato huko unaonyesha kwamba kuiandika tume katika katiba na kuipa meno ni kazi mbili.

Kwa hiyo Australia Magharibi ilikuwa sahihi kuhusu ugonjwa na haikuwa sahihi kuhusu dawa. Ruzuku, kupanda kwa bei ya dhahabu na kisha vita vililizima vuguvugu, ijapokuwa manung'uniko hayakwisha. Yaligeuka tu sura pale chuma cha eneo lake la Pilbara kilipolifanya jimbo kuwa tajiri. Mwaka 1974 mfanyabiashara wa madini Lang Hancock alianzisha vuguvugu jipya la kujitenga, safari hii kwa hoja kwamba jimbo linawalisha wengine, na katika muongo wa 2010 mgawo wake wa kodi ya bidhaa na huduma ulishuka mpaka kiasi cha senti 30 kwa kila dola ambayo lingepata kama mgawo ungefuata idadi ya watu. Mwaka 2018 bunge la shirikisho lilipitisha sheria ya kuweka kiwango ambacho mgawo hautashuka chini yake. Miaka miwili baadaye, wakati wa janga la korona, jimbo lilifunga mipaka yake dhidi ya majimbo mengine hadi Machi 2022, na Mahakama Kuu ikakubali kwamba hatua hiyo haikukiuka ibara ileile ya 92; uhuru mkubwa namna hiyo ndani ya muungano pengine usingewaziwa na ujumbe wa 1934.

Mlango wa London ulifungwa rasmi kwa Sheria za Australia za mwaka 1986, zilizoondoa mamlaka yaliyobaki ya bunge la Uingereza juu ya majimbo. Katiba ya shirikisho haina kifungu cha kutoka, na njia inayotajwa zaidi na wanasheria ni ile ya kurekebisha katiba chini ya ibara ya 128, inayodai wingi wa kura nchini kote pamoja na wingi katika majimbo yasiyopungua manne kati ya sita, kizingiti ambacho tangu 1901 kimevukwa na mapendekezo manane tu. Anayetaka kulitoa jimbo hilo leo angelazimika kwanza kuwashawishi wapiga kura wa Sydney na Melbourne, na hao, tangu zama za ushuru wa majembe, ndio waliokuwa wakilalamikiwa.