Fomu ya Msaada wa Masomo: Sitara na Ukweli



Mwaka 2024, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mama mmoja mjane pamoja na binti yake aliyekuwa ameitwa chuo kikuu. Barua ya furaha ilikuwa mkononi, na mama alikuwa akilia. Katika ombi la msaada wa serikali walitakiwa kueleza mapato ya nyumba. Naye, kwa kuona haya, alimwamuru mwanawe aandike pia mshahara wa mjomba aliyeko Ghuba, ambaye ana watoto wake wa kulisha. Mapato yake hasa yalikuwa ya mahamri anayouza asubuhi. "Nilitaka sitara tu, sheikh wangu," alisema.

Katika makundi 5 ya mwaka ule, familia yenye dhiki zaidi ilipewa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya masomo na mkopo wa asilimia 25, ikabakishiwa asilimia 5. Binti huyu aliwekwa kundi la tatu: ufadhili asilimia 50, mkopo 30, na nyumba ilipe 20. Neno moja la kuona haya lilimzidishia mama mzigo mara nne. Wakakata rufani, muhula ukaanza, na binti akabaki nyumbani wiki 3 hadi jamaa walipochanga.

Sitara ni jambo tukufu katika dini yetu. Lakini maana yake ni kutoitangaza dhiki sokoni, si kumficha anayeuliza ili akupe haki yako. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Na kinyume chake ni kibaya zaidi: mwenye nyumba za kupangisha akiandika kwamba hana kitu, amekula fungu la yatima. Fomu ile ni ushahidi, na ushahidi wa uongo ni dhambi kubwa.

La pili ni riba, ambalo mama zetu hutuuliza kila mwaka. Tuseme wazi: ufadhili haurudishwi, lakini mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoundwa mwaka 1995, hurudishwa pamoja na nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Hatuwezi kuiita nyongeza hiyo kwa jina jingine ili nyoyo zitulie. Basi familia ianze kwa milango isiyo na shaka: ufadhili wenyewe, basari ya kaunti, basari ya mfuko wa eneo bunge (NG-CDF), kisha jamaa na zaka. Sura ya At-Tawba, aya ya 60, imetaja mafungu 8 ya wenye kupewa zaka, na mafukara na maskini ndio wa mwanzo. Tajiri wa mtaa anayemwona binti wa jirani akiingia katika riba kwa kukosa karo, naye zaka yake i mfukoni, ajiulize atajibu nini. Aliyefungiwa milango yote asijifutie mwenyewe. Amwendee mwanachuoni amweleze hali yake.

La tatu ni dhamana. Wazazi wengi hutia saini kama wadhamini bila ya kusoma. Aya ya 282 ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Je, yafaa sisi tutie saini tusichokisoma? Mwana amsomee mamake fomu yote kwa Kiswahili kabla ya kalamu kushikwa.

Mwisho, matayarisho. Vikusanywe mapema vitambulisho vya mwombaji, wazazi na wadhamini, namba ya mtihani wa KCSE, na cheti cha kifo iwapo mzazi amefariki. Simu iwe imesajiliwa kwa jina la mwombaji. Majina yalingane: aliyeandikwa Mwanaisha katika cheti cha kuzaliwa asiwe Aisha katika kitambulisho. Viwango navyo vitazamwe upya kila mwaka, kwani hubadilika.

Mama yule sasa huwasomea jirani zake fomu barazani, na kila akifika penye mapato husita, akawatazama, kisha akasema: "Hapa andikeni kweli."

Wabillahi tawfiq.